Mshiriki Mmoja

Nimeombwa ukurasa mmoja tu. Ni wa kusomwa kanisani Jumamosi, wakati wa kumuaga shemeji yangu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alihudumu makanisa gani, ameacha nani. Mimi ni seremala, nimezoea kuandika vipimo, si sifa za watu. Hata hivyo ukurasa ulikwisha tangu juzi. Umebaki na nafasi ya sentensi moja chini, na sentensi yenyewe nimeletewa tayari na Kasisi, yaani huyu binti anayeongoza kanisa letu sasa. Anataka niandike: "Hakubakiza kitu."

"Andika hivyo tu, mjomba," aliniambia. "Watu wajue alikiri yote kabla hajaondoka."

Sasa maneno hayo, "andika tu," ndiyo yaliyonitoa jasho. Aliyeyasema mara ya kwanza katika habari hii ni mimi. Sentensi hiyo si ya kweli, na anayejua kuwa si ya kweli nimebaki mimi peke yangu. Basi badala ya ukurasa mmoja nimemaliza nusu ya daftari.

Shemeji hakuanza na Mungu, alianza na treni. Alikuwa karani wa stesheni. Kazi yake ilikuwa kuandika katika daftari kubwa treni gani imeingia, saa ngapi na dakika ngapi, imetoka saa ngapi, kisha kutia sahihi. Alikuwa na msemo wake: treni isiyoandikwa haikupita. Abiria angeweza kuteremka mbele ya macho yake na masanduku kichwani, lakini kama treni haijaandikwa, kwa shemeji abiria huyo bado yuko njiani. Na akikosea, hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, akaandika kilicho kweli kando, akatia sahihi. Anayefuta, alikuwa akisema, ana la kuficha.

Siku alipokuja kwetu kumposa dada yangu, miadi ilikuwa saa kumi. Nilimwona kupitia dirishani tangu saa kumi kasorobo, amesimama ng'ambo ya barabara juani, koti limefungwa vifungo vyote, anatazama saa. Baba akasema, "Mwite aingie, asije akazimia tukapata kesi." Nikamwita. Akanijibu, "Bado, shemeji." Hajaoa, hajaposa, hata maji hajapewa, ameshaniita shemeji! Nilimpenda papo hapo, na tangu siku hiyo sikumwacha apumue kwa utani.

Wito ulimkuta palepale stesheni. Treni moja ilichelewa kwa saa sita, na mzee mmoja aliyekuwa akiisubiri akafia kwenye benchi, peke yake, hakuna aliyemjua. Shemeji alikuwa na kitabu cha sala kwenye droo. Akatoka ofisini, akapiga magoti pale kwenye saruji, akamsomea sala za wafu huku watu wakimzunguka. Treni ilipofika akaiandika kama kawaida. Lakini jioni alimwambia dada yangu kwamba kazi ile imemshinda. "Mtu asife akisubiri," alisema, "kama mimi naweza kumfikia." Dada akanieleza kesho yake, akilia, maana mshahara wa stesheni ulikuwa mzuri.

Basi akaenda chuo cha theolojia miaka mitatu, akawa shemasi, akawekewa mikono kuwa kasisi. Kanisa la kwanza alikaa miaka minne, la pili mitano, la tatu likawa hili letu, akakaa hapa mpaka kustaafu. Walimpa jina la Saa Tatu, kwa sababu ibada ya Jumapili ilianza saa tatu kamili hata kama ndani kuna yeye, kinanda na mjane mmoja. Kuna harusi alianza bibi harusi bado yuko kwa msusi. Bibi harusi aliwasili wimbo wa pili, akauimbia mlangoni, na mama mkwe wake mpaka leo hajasamehe. Mahubiri yalikuwa dakika kumi na nane. Na kitabu cha ibada, ile rejista inayoandikwa tarehe, saa, aina ya ibada na idadi ya walioshiriki Meza ya Bwana, alikiandika kama daftari la stesheni. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na safu ya mwisho ilikuwa yangu: sahihi ya shahidi. Nilitengeneza na kabati la kukitunzia, ufunguo nikapewa mimi. Nilikaa nao miaka yote.

Sasa niieleze Jumamosi moja ya zamani.

Palikuwa na mama mmoja mshonaji, mjane, aliyepanga chumba nyuma ya duka la fundi viatu. Kanzu zote za kwaya yetu ni mkono wake. Miguu ilikuwa imevimba na figo zimemchoka, na binti yake wa pekee alikuwa mbali, chuo cha ualimu. Shemeji alikuwa amemwahidi kumpelekea Ushirika Mtakatifu saa nane mchana. Saa saba akapita kwenye karakana yangu na kile kisanduku nilichomchongea, chenye kikombe kidogo, kisahani na kichupa cha divai. Akakiweka juu ya benchi, mbali na maranda. Tukasema tucheze drafti mara moja tu.

Mvua ikaanza. Si mvua ya kupita. Saa nane kasorobo akasimama, akachukua kisanduku. Nami nikamwambia, huku nikipanga kete upya, "Mvua yote hii unakwenda wapi? Mgonjwa hakimbii."

Alicheka. Akakaa.

Nataka niwe mkweli: sikumzuia kwa kumhurumia. Miaka yote sikuwahi kushindwa naye drafti, na siku hiyo alikuwa amenifunga mara mbili. Nilitaka kurudisha. Mvua ilikatika saa kumi, nakumbuka kwa sababu mabati yalinyamaza na sote wawili tukatazama juu. Kisha tukatazama ubao. Tulicheza mpaka giza likaanza kuingia na kete nyeusi hazionekani vizuri, ndipo akaruka kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Mshonaji!"

"Kesho baada ya ibada," nikasema. "Saa hizi atakuwa amelala."

"Kesho Arkidikoni anakagua vitabu."

Hapo nikaelewa. Arkidikoni ni mkubwa wa makasisi wa eneo zima, na alikuwa ametoa agizo kila mgonjwa apate Ushirika walau mara moja kwa mwezi. Mwezi ulikuwa unaisha siku hiyo, na kwenye rejista mama yule hakuwepo. Tulikwenda kanisani, nikafungua kabati, shemeji akakaa mbele ya kitabu na kalamu. Alikaa sana.

"Andika tu," nikamwambia. "Kesho mchana utakwenda, itakuwa imetimia. Mungu haangalii tarehe, anaangalia nia."

Ona seremala anavyomfundisha kasisi habari za Mungu! Na kasisi akasikia. Akaandika: Jumamosi, saa nane mchana, Ushirika wa mgonjwa nyumbani, mshiriki 1. Akatia sahihi. Akanisogezea, nami nikasaini haraka, kama ninayesaini kupokea misumari.

Asubuhi Arkidikoni alikuwa chumba cha mavazi, amevaa miwani, anapitisha kidole kwenye mistari na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mke wa fundi viatu akaingia bila hodi, khanga imelowa machozi.

"Mshonaji hatunaye," akasema. "Alfajiri hii."

Arkidikoni akavua miwani. Kidole chake kilikuwa palepale. "Jana tu saa nane alishiriki Meza ya Bwana," akasema. "Heri yake mama huyu. Mchungaji, umefanya vema."

"Ndiyo," mke wa fundi viatu akadakia, "niliporudi sokoni jioni nilikuta meza imetandikwa kitambaa cheupe, naye kavaa gauni lake la kanisani, kasinzia kitini. Nikajua Mchungaji ameshapita, sikumwamsha. Hata chai niliyomwachia asubuhi hakuigusa, alikuwa amefunga kwa ajili ya Ushirika."

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Palikuwa na nafasi ya kusema, ndefu tu, mtu angeweza kuvuta pumzi tatu. Ikapita. Siku hiyo ibada ilianza saa tatu na dakika nne. Imo kitabuni, anayebisha akaangalie.

Binti alifika kwa mazishi. Arkidikoni mwenyewe alimshika mkono kaburini, akamwambia mama yake hakuondoka bila kitu. Nilimwona yule mtoto akinyanyua uso kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye gari. Alikwenda kwenye kile chumba akakusanya vitu vya mama yake, cherehani akamwachia mke wa fundi viatu, yeye akachukua kitambaa cheupe.

Baada ya hapo shemeji hakuwa yule tena, ingawa watu waliona amekuwa bora zaidi. Mvua ikinyesha, ndiyo alitoka. Alitembelea wagonjwa mpaka wengine wakamkimbia. Kuna mzee alijificha chooni akisema anaumwa kichwa tu, si cha kuletewa padri mara tatu kwa wiki. Alipata homa ya mapafu mara mbili. Wakamwita mtu wa Mungu. Mimi nilikuwa namwona kama mtu anayekimbizwa.

Yule binti akawa wa nyumba yao. Likizo zote alikuja kwa dada yangu, akamwita mama, shemeji akamwita baba, mimi nikawa mjomba. Shemeji alimpa kila kitu ila macho. Alikuwa akizungumza naye huku anatazama dirisha, na binti akadhani ndiyo heshima ya makasisi.

Mara moja tu shemeji alinijia karakana akasema anataka kwenda kwa Askofu kueleza. Nikamuuliza, "Utamsaidia nani? Mama hafufuki, na mtoto utamvunja moyo." Akaondoka. Hilo ni la tatu. La kwanza nilimwambia akae, la pili nikamwambia aandike, la tatu nikamwambia anyamaze. Drafti hatukucheza tena. Ule ubao niliufanya kifuniko cha kopo la gundi.

Miaka ikaenda. Binti akaacha ualimu, akasema ameitwa. Siku alipowekewa mikono, kwenye chakula baada ya ibada, alisimama akasema wito wake ulianzia kwenye mstari mmoja wa kitabu cha ibada. Kwamba kuna kasisi alitembea kwenye mvua ili mama mmoja maskini asife akisubiri. Akatoa kile kitambaa, akasema kila mgonjwa atakayemhudumia atatandikiwa hicho. Watu walipiga makofi. Shemeji alitoka nje akikohoa kikohozi cha uongo, nami nikabaki nikipiga makofi pamoja na wengine. Dada yangu alikuwa analia kwa furaha. Alikufa miaka sita iliyopita bila kujua.

Kisha, kwa mambo ya Askofu yasiyoulizwa, binti akaletwa kuongoza kanisa hilihili.

Mwezi uliopita moyo wa shemeji ulianza kushindwa kazi. Nilihamia kwake, tulale wazee wawili nyumba moja, tupeane maji. Jumanne saa nne Kasisi alikuja kumpa Ushirika. Akasogeza meza ndogo karibu na kitanda, akatandika kitambaa. Kimechakaa pembeni lakini cheupe bado. Shemeji akaweka kiganja juu yake.

"Kiondoe kwanza hiki, mwanangu," akasema. "Mama yako sikumfikia."

Akasema yote, polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi. Mvua, drafti, kitabu, Arkidikoni; aliyecheza naye tu hakumtaja. Binti alikuwa amesimama na kikombe mkononi.

"Mvua ilikatika saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi."

"Na giza lilianza kuingia saa kumi na mbili na kitu."

"Ndiyo."

"Na alikuwa amefunga tangu asubuhi."

"Ndiyo, mwanangu."

Alihesabu kimya, nikaona midomo ikisogea. Kisha akakunja kitambaa, akarudisha kikombe kwenye kisanduku. "Leo siwezi, baba," akasema. "Nitakuja kesho." Mlangoni aliniomba ufunguo wa kabati.

Usiku sikumsikia shemeji akilala. Asubuhi alikataa chai. Alitaka shati jeupe, nikamnyoa, nikamkalisha kwenye kiti cha mikono kinachotazama mlango. Saa tatu ikapita, ya nne ikapita. Nikamwambia ajilaze, nitamwamsha akifika.

"Acha nikae," akasema. "Leo ndiyo najua alivyokaa."

Alikuja saa tano kasorobo, macho mekundu, na rejista ya zamani chini ya kwapa. Hakusalimia. Alimwekea kitabu magotini, akakifungua pale palipohusika, akampa kalamu. Shemeji hakuuliza afanye nini. Alipiga mstari mmoja juu ya ile moja, ili isomeke. Pembeni akaandika sifuri. Akatia sahihi, imepinda lakini ni yake.

Binti alisoma. Kisha kidole chake kikasogea mpaka safu ya mwisho, kikasimama.

"Na hii si ni sahihi yako, mjomba?"

Mimi nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini shemeji alitangulia.

"Alisaini nilichoandika," akasema. "Yeye hakujua kitu. Siku ile drafti nilicheza na mtu mwingine, ameshakufa."

Binti akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Viatu vingine, mtazamo uleule. Akafunga kitabu. Akatandika kitambaa cha mama yake. Tukaungama pamoja yale maungamo ya kitabuni ambayo kila mtu anayajua kwa moyo, akatoa mkate, akampa baba yake, akala yeye, akanigeukia mimi. Nikakinga mikono. Ningependa kusema ilitetemeka, lakini haikutetemeka. Akamaliza akaandika kwenye rejista mpya: washiriki 3.

Alipoondoka nilimwuliza shemeji kwa nini. Umri huu, pumzi hiyo, mkate bado haujafika mdomoni, unadanganya kwa ajili yangu?

"Mstari wangu nimeupiga," akasema. "Wa kwako siwezi kukupigia."

"Sasa umenificha ya nini?"

"Ungesemewa ungekuwa umesema?" Alipumzika kidogo. "Nimekuachia nafasi. Usichelewe, shemeji."

Jumapili asubuhi alikufa. Saa yake ilikuwa mkononi, na nilipoitazama ilikuwa saa tatu kasoro dakika chache. Kengele ilikuwa haijalia.

Na sasa binti ananiambia niandike kwamba hakubakiza kitu. Anasema ndilo lililomwezesha kurudi ile Jumatano: kwamba mtu mzima alimwaga moyo wake wote mbele yake, akaona hana haki ya kumnyima. Nikimweleza, namnyang'anya hilo. Nitakuwa nimemwonyesha kwamba hata kwenye kitambaa kile, siku ile, palitandikwa uongo mwingine, na ulikuwa wa kunifichia mimi. Nimejiuliza kama kunyamaza si ndiyo huruma. Kisha nikakumbuka nimeshaitumia sababu hiyo, karakana, na iliyofuata ni miaka yote hii.

Kesho asubuhi anakuja kuchukua ukurasa. Miadi ni saa tatu. Nitampa ukurasa bila ile sentensi, nitampa na daftari hili, kisha nitamwomba anifungulie kabati la ile rejista ya zamani, maana ufunguo hajanirudishia vema. Aliuacha mezani kwangu jana bila neno, nami najua kuuacha mezani si kunikabidhi. Kalamu nimeitia wino. Akisema Jumamosi nisisome mimi, basi atasoma mwingine, nami nitakaa nyuma na wanaochelewa.

Nitatoka kumsubiri getini mapema, saa tatu kasorobo.